Kabla ya kununua kompyuta ya kuprogramu mikrokontrola

Tangu wanafunzi wa mwaka wa kwanza waripoti, dawati la karakana yetu ya elektroniki limekuwa likipokea lalamiko lilelile: kompyuta imenunuliwa kwa fedha nyingi, lakini "haioni bodi", yaani haitambui bodi ya mikrokontrola (chipu ndogo ya kudhibiti vifaa) iliyounganishwa nayo kwa waya. Karakana imeona ni vyema kutoa ufafanuzi.

Chipu ya ATmega328P iliyo kwenye Arduino Uno, mojawapo ya bodi hizo, ina nafasi ya programu ya KB 32 tu. Picha moja ya simu haienei humo. Kwa hiyo tunawaomba wazazi, kwa heshima zote, wasikubali kuuziwa kompyuta ya gemu eti kwa sababu mtoto anasomea uhandisi. Kadi ya picha haina kazi hapa. RAM ya GB 8 na diski ya SSD vinatosha kabisa. Ya GB 4 nayo itafanya kazi, ila uwe na subira unapotafsiri programu ya ESP32 (mikrokontrola nyingine) iwe lugha ya chipu.

Kwa kompyuta zilizotumika, hakikisha ni ya biti 64, maana Arduino IDE 2, programu ya kuandikia kodi na kuipakia kwenye bodi, haiingii kwenye biti 32. Nyingine hutoka maofisini zikiwa bado na akaunti ya msimamizi ya mwenyewe wa kwanza. Bila nenosiri lake hutaweza kuweka draiva ya CH340 (programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na chipu ya USB ya bodi), ambayo bodi nyingi za bei nafuu huihitaji. Mwambie muuzaji aweke programu yoyote mbele yako. Akibabaika, ondoka.

Wiki iliyopita kijana mmoja alituletea kompyuta yake ya pili. Ya kwanza ameshaiuza kwa hasara. "Taa ya bodi inawaka, kwa hiyo waya ni mzima," alisisitiza. Waya wenyewe ulitoka kwenye pawabenki: una nyaya mbili za umeme, za data hazimo. Tulipompa waya mwingine, COM5, jina la mlango ambao kompyuta imeionea bodi, ikajitokeza papo hapo. Taa kuwaka si ushahidi wa data. Tumelisema hili kila muhula.

Kompyuta binafsi husajiliwa kwa fomu ya nakala mbili. Jaza namba ya utambulisho iliyobandikwa chini ya kompyuta (si namba ya modeli), upate sahihi ya mtunza karakana, kisha muhuri. Nakala moja hubaki getini. Asiye na nakala, kompyuta yake itazuiwa hadi alete risiti halisi ya EFD. Picha ya risiti kwenye WhatsApp haipokelewi. Bodi ya kuazima hurejeshwa ndani ya siku 14. Atakayechelewa hataazimishwa tena muhula huo, na atakayeiunguza kwa kuingiza volti 12 kwenye pini ya 5V atalipa bei ya dukani.

Usajili ni Jumatatu hadi Alhamisi, saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana. Njoo na kompyuta, bodi, na huo waya wako.