Kamera ya rivasi hufia mlangoni

Kamera nyingi za rivasi ninazoletewa kwamba zimekufa ni nzima kabisa. Kilichokatika ni waya, na karibu kila mara umekatikia kwenye bawaba za mlango wa nyuma. Mlango wa Noah au Probox hufunguka kwenda juu, na kila ukifunguliwa waya unakunjwa. Fundi mwenye haraka huupitisha ukingoni, juu ya raba ya kuzuia maji, mlango ukifungwa unaubana. Picha inaanza kucheza, mwisho skrini inabaki nyeusi, na mvua ikinyesha maji yanaingia ndani.

Njia ipo tayari: ule mpira mweusi unaopitisha nyaya za kiwandani kutoka kwenye bodi kwenda mlangoni. Ninauchomoa pande zote mbili, ninapaka maji ya sabuni, kisha ninavuta waya wa kamera kwa waya mgumu. Unaumiza vidole. Ukiona fundi anakwepa hapo, mzuie.

Umeme unachukuliwa kwenye taa nyeupe ya rivasi. Vuta breki ya mkono, washa swichi bila kuwasha injini, ingiza rivasi, upime kwa mita: waya unaoleta volti 12 ndio wenyewe. Malori kama Fuso hutumia volti 24. Kamera ya volti 12 itaungua isipowekewa kipunguza umeme.

Kebo ya njano ya picha huwa na kiwaya chembamba pembeni, mara nyingi chekundu. Nimekuta kimekatwa kwenye magari mengi. Hicho ndicho kinachoiambia redio ibadili skrini gia ikiingia. Bila hicho kamera inawaka na dereva haoni kitu.

Kabla ya kurudisha paneli, simamisha mtu nyuma, upande wa kushoto wa gari. Lazima aonekane kushoto mwa skrini, kama kwenye kioo. Akitokea kulia, dereva atakata usukani kumfuata mtu anayedhani anamkwepa. Hapa sina mzaha: sheria ya Marekani ya mwaka 2008, iliyofanya kamera ziwe lazima kwenye magari madogo mapya kufikia Mei 2018, ina jina la mtoto wa miaka 2 aliyekufa kwa kugongwa na gari likirudi nyuma. Kamera nyingi zina kitanzi kidogo cha waya cha kugeuza picha. Kama alitokea kulia, kikate, kifunge tepu, mrudishe yule mtu kushoto upime tena.