Saruji haitibu ukuta wa chokaa

Juzi wamenijia tena. Mume na mke, vijana, wamerithi nyumba ya bibi yao mtaa wa Kiponda, hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, na wameamua kuitengeneza wenyewe siku za mapumziko. Shikamoo mzee, marahaba wanangu, kisha swali lile lile: "Fundi, ukuta wa chini tumeupiga saruji mara mbili na bado unatoka maji. Tununue saruji gani?" Nimeulizwa hivyo Malindi, Mkunazini, Shangani, na kila mara nimejibu kwa mdomo. Leo naandika, maana naona nyumba zinakwisha.

Dhana yenyewe ni hii: saruji ni ngumu kuliko chokaa, basi ndiyo dawa ya ukuta wenye unyevu. Si kweli hata kidogo, na hakuna kosa linaloniuma kama hili.

Nyumba zetu za mawe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Ukuta una unene wa nusu mita, pengine zaidi, na chini yake hamna tabaka la kuzuia maji kama nyumba za matofali za leo. Maji ya ardhini yanaupanda. Waliojenga walilijua hilo na wakalipangia: chokaa ina vitundu vidogo sana, maji yakipanda yanatokea usoni mwa ukuta taratibu, upepo unayachukua. Ni kama kanzu ya pamba, unatoka jasho na inakauka mwilini. Ukiupiga saruji ukuta huo umeuvisha koti la plastiki juani. Jasho liko pale pale, njia ya kutokea ndiyo iliyozibwa.

Basi maji yanatafuta pa kutokea. Yanapanda juu zaidi, mpaka yaipite saruji. Ndiyo maana mlipiga mita moja, na mwaka wa pili unyevu mkauona kwenye mita moja na nusu, mkasema saruji ilikuwa kidogo! Maji hayo yana chumvi, na mji wetu uko baharini. Chumvi ikikauka nyuma ya saruji inajijenga kuwa fuwele, zinavimba, zinalisaga jiwe na kuwa unga. Kwa nje saruji inang'aa, ndani ukuta unamomonyoka. Maji yakifika kwenye vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani, mti unaoza pale pale usipoonekana. Dari likishuka, watu wanasema nyumba ilikuwa ya zamani.

Nimewapeleka vijana wale ukutani kwao. Gonga kwa kifundo cha kidole: penye mlio mtupu, saruji imeshaachana na jiwe. Tukabandua kipande kimoja. Nyuma yake ukachuruzika unga mweupe na mchanga, viganja viwili. Yule mke akaniambia, "Mzee, huu ni ukuta au ni sukari?" Mume hakusema kitu. Alikuwa ameinunua mwenyewe ile mifuko ya kilo 50 na kuibeba uchochoroni begani.

Kuna wanaonijibu kwa methali, eti usipoziba ufa utajenga ukuta. Sawa, ziba. Lakini uzibe kwa kitu cha jinsi moja na ukuta wenyewe.

Dawa ni hii, na wawili wanaoelewana wanaiweza. Kwanza tafuteni maji yanatoka wapi: bomba la chooni, mfereji wa paa, kiyoyozi cha jirani kinachodondoka ukutani usiku kucha. Pili, toeni saruji yote kwa patasi na nyundo ndogo, bila mashine, mpaka nusu mita juu ya alama ya unyevu. Tatu, acheni. Hapa ndipo wengi wananishinda. Ukuta ulionyweshwa miaka hautokauka kwa wiki mbili, upeni msimu mzima. Chumvi ikitoka ifuteni kavu kwa brashi, msiioshe, mkiiosha mnairudisha ndani. Halafu lipu: debe moja la chokaa iliyolala majini wiki kadhaa, madebe matatu ya mchanga uliochekechwa, tabaka lisizidi sentimita moja, la pili lingoje la kwanza lishike. Mimi naanza kipupwe. Kaskazi jua linaikausha chokaa kabla haijashika, na masika kila mtu anajua.

Hapo ndipo inapotoka dhana nyingine, kwamba lipu ya chokaa ikikauka haraka ndiyo nzuri. Chokaa hairudi kuwa jiwe kwa kukauka. Inakuwa jiwe kwa kunywa hewa ya kaboni polepole, na kwa hilo inataka unyevu kidogo. Nyunyizeni asubuhi na jioni, tundikeni magunia mabichi mbele yake.

Mchanga wa pwani ni bure? Una chumvi. Msiutumie.

Rangi ya mafuta au ya plastiki inakinga ukuta? Ni saruji ile ile kwa sura nyembamba. Pakeni chokaa.

Chokaa haidhuru kwa kuwa tunapakia miti? Inaunguza ngozi, na ikiingia jichoni inaweza kupofua. Vaeni miwani na glavu. Ikiingia, osheni jicho kwa maji safi mengi, dakika 20 bila kuacha, kisha hospitali. Na mawe ya chokaa yaliyochomwa, ambayo hayajazimwa, yakitiwa maji yanachemka na kuruka, basi watoto wasiwe karibu.

"Nyumba yangu, ruhusa ya nini?" Mji Mkongwe umo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na una mamlaka yake ya uhifadhi. Nendeni mkaulize kabla ya kushika patasi, si baada ya kuwekewa alama ya X mlangoni.

Na wanaosema hii si kazi ya mwanamke wangemwona yule binti wa Kiponda. Mume anabandua saruji, anachoka, anakaa barazani. Yeye amenasa kwenye rangi. Amechukua kwangu ndoo ya chokaa iliyolala, anaichanganya na udongo mwekundu uliochujwa kwa kitambaa, mara na buluu ya kufulia, anapaka viraka kwenye ukuta wa uani na kuandika vipimo vya vijiko kwenye daftari la skuli la mwanawe. Kila Jumamosi ananitumia picha, kiraka kibichi na kiraka kikavu, maana chokaa ikikauka inakuwa nyeupe zaidi na anataka kujua kwa kiasi gani. Nimemsihi kitu kimoja tu, ukuta wa chini asiuguse mpaka kipupwe.