Samani si thamani: kabati kubwa la kale na bei yake iliyoshuka

"Tunauza thamani za ndani za kale, mninga mtupu, bei maelewano." Matangazo ya namna hii hayakauki kwenye magrupu ya WhatsApp ya Mwanza, na kosa lililomo limeshapakwa rangi hadi kwenye vibao vya barabarani. Anayeandika hivyo anamaanisha makabati, vitanda na meza. Vitu hivyo jina lake ni samani. Thamani ni neno jingine kabisa, na hapa kuyachanganya kunamgharimu mtu fedha, kwa sababu samani kubwa za kale ndizo hasa zilizopoteza thamani.

Maana yenyewe ni fupi. Samani ni vyombo vya kukalia, kulalia, kulia chakula na kuhifadhia vitu, nyumbani au ofisini. Za kale ni zile zenye umri wa kutosha kuitwa hivyo. Kwenye orodha ya forodha inayotumiwa na nchi nyingi, za Afrika Mashariki zikiwamo, kifungu cha 97.06 kinataka kitu kiwe kimepita miaka 100. Thamani yake inashuka pale bei anayokubali kutoa mnunuzi inapozidi kupungua ingawa chombo chenyewe ni kizima. Basi, hiyo ndiyo maana. Tugeukie maneno.

Thamani limetoka kwenye Kiarabu, thaman, yaani bei ya kitu. Mzizi wake una herufi zilezile za thamaniya, nane, na huko ndiko tulikopata themanini. Samani haimo katika ukoo huo. Ni neno la Kiajemi, saman, lililoenea Bara Hindi kisha likavuka bahari na wafanyabiashara hadi kwetu. Maana yake huko ni vitu, vyombo, mizigo. Mpaka leo mzungumzaji wa Kigujarati au Kihindi akiulizia saman yake stesheni, anaulizia mabegi. Kiswahili kikalichukua, kikalibana kwenye vyombo vya nyumba. Hakuna bei ndani ya neno hilo. La tatu, zamani, limetoka tena kwenye Kiarabu, nalo ni la wakati. Asili zake ni tofauti, ila masikioni yanagongana.

Kugongana huko kuna chanzo chake. Wazungumzaji wengi wa bara hutamka th kama s: themanini inakuwa semanini, thelathini inakuwa selasini. Pengine matamshi hayo yalishinda moja kwa moja, kama kwenye sumni, ile sarafu ya senti hamsini, ambayo ni thumni, sehemu moja ya nane, iliyovuliwa th yake. Darasani mwalimu anasahihisha: usiseme semanini, sema themanini. Mwanafunzi anakua akiiogopa s. Akifika kwenye samani, ambayo s yake ni halali, anadhani ameteleza tena, anaipa th. Kwa hiyo aliyeandika "thamani za ndani" si mzembe. Ni mtu aliyejitahidi kusema vizuri akapitiliza, na anastahili kuelezwa, si kuchekwa.

Tatizo ni kwamba kosa la tahajia limezaa imani. Ukishakiita chombo "thamani", umeshakipa hukumu kabla hujakipima: kabati ni thamani, kabati la babu ni thamani zaidi, na likijaza ukuta mzima ndiyo kabisa. Majina ya vyombo vyenyewe hayasemi hivyo. Meza ni ya Kireno, mesa. Almari nayo ilianza kwa Wareno, ikapitia India. Kabati na kochi ni za Kiingereza. Dawati ni la Kiarabu, lilikuwa kidau cha wino. Kiti na kitanda ni vya kwetu. Wareno wenyewe samani zote kwa jumla huziita mobília, neno linalotokana na kuhama: mali inayobebeka, tofauti na nyumba na shamba visivyobebeka. Hapo kwenye kubebeka ndipo samani kubwa za kale zilipoangukia.

Chukua kabati la nguo la mninga la mtindo wa zamani: upana futi 6, kimo futi 7, kina futi 2, milango mitatu, rafu na droo, mbao za inchi moja. Mbavu mbili ni futi za mraba 28. Juu na chini ni 24, milango 42, rafu na droo pamoja kama 44. Jumla ni 138, bila bao jembamba la nyuma. Kwa unene wa inchi moja unapata futi za ujazo 11 na nusu, karibu theluthi moja ya mita ya ujazo. Mninga mkavu una uzito wa kama kilo 640 kwa mita ya ujazo. Kabati hilo limepita kilo 200 kabla hujaning'iniza shati hata moja.

Kirikuu italifikisha barabarani. Kutoka hapo kupanda kwenye nyumba za mlimani, Mabatini, Igogo au juu Isamilo, njia ni ngazi nyembamba katikati ya mawe, na kazi inabaki kwa mabega ya watu wanne hadi sita. Wakifika, mlango wa chumba una inchi 30. Kina cha kabati ni inchi 24, taji la juu linatokeza inchi 2 mbele, na ubao wa mlango wenyewe ukiwa kwenye bawaba unakula karibu 2 nyingine. Linapita, lakini linaacha alama kwenye fremu. Limeingia likiwa limelala. Kulisimamisha, ubavu wake kutoka kona hadi kona unahitaji futi 7 na zaidi ya inchi 3. Nyumba yenye paa la kuinamia upande mmoja, ambayo upande wa chini una futi 7 tu, hailipokei. Na chumba cha futi 10 kwa 10 kina futi za mraba 100: kitanda cha sita kwa sita kinachukua 36, kabati 12, na milango yake ya futi mbili mbili inataka 12 nyingine za kufungulia. Hapo 60 zimekwisha. Mpangaji anayehama kila baada ya mwaka au miwili hawezi kuishi hivyo, hata kama mninga anaupenda kwa moyo wote.

Maseremala wazuri wa zamani walilijua hili, wakatengeneza makabati ya kufunguka. Taji linanyanyuliwa, bao la nyuma linachomolewa kwenye mfereji wake, mbavu zinashikwa kwa kabari au parafujo. Kabla ya kuulizia bei, ingiza kichwa ndani uangalie kona. Ukiona kabari au parafujo, kuna nafuu. Ukiona misumari na gundi kila mahali, kabati hilo litahama kwa kupasuliwa. Utaratibu wa kulifungua ni droo kwanza, kisha milango, kisha taji, halafu ulilaze chali au kifudifudi ndipo ugeukie bao la nyuma na mbavu, huku ukiandika namba kwa chaki kila panapoungana. Kinachoharibu mara nyingi ni kulitoa bao la nyuma kabati likiwa bado limesimama. Bao hilo ndilo linalolizuia lisiyumbe. Likitoka, uzito wote unainamia upande mmoja na ndimi za mbao zinakatikia ndani ya matundu yake. Hapo limekwisha.

Watu hulitetea kabati la namna hii kwa swali moja: "Leo ukilichongesha, ni shilingi ngapi?" Swali ni la haki, ila linajibu kitu kingine. Gharama ya kuchongesha upya ni hesabu ya mbao, ufundi, vanishi na usafiri. Bei ya kuuza inatoka kwa mnunuzi, naye anahesabu nafasi aliyonayo, safari ya kulibeba na kama mlango wake unalipitisha. Hesabu hizi mbili zinaweza kuachana mbali sana, na kwa vyombo vikubwa huachana. Hili ndilo linaloniuma kuliko ile th, kwa sababu familia hukataa bei ya kweli ya leo zikingoja ile ya kuchongesha, huku kabati likikaa stoo linanyeshewa.

Hata kulivunja upate mbao hakukomboi sana. Ubavu wa futi 7 kwa 2 ni mbao tatu za inchi moja kwa nane zilizounganishwa kwa gundi. Ukikata inchi 3 kila ncha kuondoa matundu ya viungo, unabaki na vipande vya futi 6 na nusu, wakati ubao mpya sokoni una futi 12. Msumari uliojificha ndani unaharibu kisu cha randa. Moyo wa mninga haushambuliwi kirahisi, lakini ule ukingo mweupe wa pembeni hubunguliwa. Ukiona unga laini sakafuni chini ya kabati, bungua bado yumo.

Mambo hayakuanzia kwetu. Uingereza na Marekani, bei za samani za kahawia, yaani makabati na meza nzito za mahogani, jozi na mwaloni za karne ya 18 na 19, zimekuwa zikiporomoka tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nyumba mpya zina makabati ya ukutani. Meza ya kulia ya watu kumi na wawili haina wageni. Wazee wanapofariki, vyombo vya kizazi kizima vinaingia sokoni kwa pamoja na watoto tayari wana vyao. Tangu 1956, IKEA ya Sweden imewazoesha watu kununua meza iliyolazwa ndani ya boksi bapa. Hata televisheni ilichangia: kabati lililotengenezwa na uwazi mkubwa kwa ajili ya TV ya chogo lilikosa kazi siku skrini zilipokuwa bapa na kutundikwa ukutani. Huko kilichojitetea ni kidogo, chepesi, adimu, au chenye jina la fundi anayejulikana.

Kuna pia hii ya "kabati la Mjerumani", muuzaji akidai kabati lake limebaki tangu enzi za Wajerumani. Wajerumani waliondolewa Mwanza Julai 1916. Parafujo ya kichwa cha msalaba ilipata hataza Marekani katikati ya miaka ya 1930. Kwa hiyo tazama bawaba: zikiwa zimefungwa kwa parafujo za msalaba na pembeni hakuna matundu ya zamani yaliyozibwa, kabati hilo Mjerumani hakuliona. Matundu yaliyozibwa yakiwapo, huenda bawaba zilibadilishwa, na uchunguzi uendelee kwenye alama za msumeno nyuma ya droo. Umri peke yake nao hauligeuzi kabati kuwa kitu cha kale kisheria. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inataja masalia ya kabla ya 1863, na kati ya vitu vinavyolindwa inataja milango na fremu za mbao zilizonakshiwa kabla ya 1940. Kabati la nguo la mwaka 1955 halimo.

Anayetaka kuona chombo kidogo chenye hadhi kubwa aende Makumbusho ya Wasukuma Bujora, Kisesa. Kigoda cha mtemi kinabebwa kwa mkono mmoja, na hadhi yake haijapungua kwa sababu vyumba vimekuwa vidogo. Hicho mtu akikiita kitu cha thamani hajakosea, kwa maana anakisifu. Kukiita "thamani", kana kwamba ndilo jina lake, bado ni kosa.

Basi mwenye duka akimwita mchoraji arudishie rangi kibao chake, amwambie aanze na S: Samani za Ndani. Na anayetangaza kabati la babu aandike samani ya kale, kama kweli imefika umri, kisha vipimo vitatu kwa futi, aina ya mbao, na kama linafunguka au limepigwa misumari. Thamani amwachie mnunuzi, ambaye atakuwa ameshapima mlango wake kabla ya kupiga simu.