Muuguzi mwenye leseni naye hutumikishwa: dhana potofu kuhusu ajira za afya

Dhana iliyoenea zaidi Mombasa ni kwamba utumwa mamboleo huwapata wasichana waliokosa shule, na kwamba mwenye diploma ya uuguzi na leseni mkononi yuko salama. Shirika la Kazi Duniani, ambalo lilikadiria kuwa watu milioni 27.6 walikuwa katika kazi ya kulazimishwa mwaka 2021, limetaja dalili 11 za kazi hiyo, zikiwemo udanganyifu, kuzuiliwa kwa hati, kunyimwa mshahara na utumwa wa madeni. Hakuna hata moja inayouliza mtu amesoma hadi wapi. Tena mwenye leseni hukopesheka kwa urahisi, na deni ndilo linalomfunga.

Ndiyo maana dhana ya pili ina madhara makubwa kuliko zote: kwamba kumlipa wakala ni jambo la kawaida, na kwamba anayedai nyingi ndiye mwenye kazi ya uhakika. Nchini Uingereza, sheria ya mawakala wa ajira ya mwaka 1973 inakataza kumtoza mtu ada kwa kumtafutia kazi, na kanuni za kuajiri wahudumu wa afya kutoka nje zinasisitiza hivyo hivyo. Mwombaji hugharimia mambo yake kama pasipoti na mtihani wa Kiingereza. Cheti cha udhamini, ambacho mfanyakazi hukihitaji ili aombe viza ya kazi, ni mzigo wa mwajiri, na tangu tarehe 31 Desemba 2024 waajiri wamekatazwa kumbebesha mfanyakazi gharama hiyo. Hata hivyo cheti hicho, ambacho mwajiri hukilipia serikali mamia ya pauni, watu wameuziwa kwa maelfu ya pauni. Isitoshe, Uingereza ilifunga viza za walezi wa wazee na wagonjwa kwa waombaji walio nje ya nchi hiyo tarehe 22 Julai 2025, kwa hivyo anayemuuzia leo mkazi wa Kisauni au Likoni nafasi ya aina hiyo anamuuzia hewa. Wauguzi nao wana njia yao, chini ya makubaliano ambayo Kenya na Uingereza zilitia saini Julai 2021, na kuwasajili nje ya masharti yake hakuruhusiwi.

Wengine husema, “Si alisaini mwenyewe?” Sheria ya Kenya ya kupambana na ulanguzi wa binadamu ya mwaka 2010 haiipi ridhaa ya mwathiriwa uzito wowote pale ilipopatikana kwa vitisho, hadaa au matumizi mabaya ya mamlaka. Mkataba unaostahili kusomwa mara mbili ni ule ambao, karibu na mwisho, una kifungu kinachomtaka anayeacha kazi mapema alipe fedha nyingi bila kueleza ni za nini. Kanuni za Uingereza zinataka malipo hayo yalingane na gharama halisi, yaelezwe kabla ya kusaini, na yapungue kadiri mtu anavyoendelea kufanya kazi.

Wala mambo haya si ya ughaibuni tu. Kliniki inayofungia kwenye droo vyeti halisi vya mfanyakazi ili asihame imekwisha kuonyesha dalili moja katika zile 11. Mshahara nao una ulinzi: kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, jumla ya makato haipaswi kuzidi theluthi mbili.

Iko pia hofu kwamba anayelalamika atarudishwa nyumbani kesho yake. Hofu hii si ya kupuuzwa, kwa kuwa viza ya kazi ya Uingereza hufungamana na mwajiri, na udhamini ukikoma mtu kwa kawaida hupewa siku 60 atafute mwingine. Lakini mwajiri hana uwezo wa kumfukuza mtu nchini. Hiyo ni kazi ya serikali ya Uingereza, ambayo pia ina utaratibu wa kuwatambua na kuwalinda waathiriwa. Kwa aliye bado Mombasa, wakala athibitishwe kwanza katika orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, malipo yoyote yawe na risiti, na nakala za mkataba na pasipoti abaki nazo ndugu anayeaminika kabla ya tiketi kukatwa.