Mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia: muulize hivi, atakujibu

Ndugu wengi wakiingia ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, kwa mara ya kwanza hukodolea macho mashine, kisha hutugeukia sisi wauguzi na kuuliza: "Anasikia?" Mara nyingi anasikia, hata kama ni vipande vipande kwa sababu ya dawa za usingizi. Kinachomnyima sauti ni bomba. Limepita katikati ya nyuzi za sauti hadi kwenye koo la hewa, na karibu na ncha yake kuna puto dogo lililojazwa ili pumzi ya mashine isivuje. Hewa haigusi tena nyuzi hizo. Kumwambia "jikaze useme" ni kumtesa bure.

Sisi huanza kwa kutafuta kiungo kinachotii. "Mzee, bana mkono wangu. Haya, achia." Tunachokisubiri hasa ni kuachia, maana mkono unaweza kubana wenyewe ukiguswa kiganja, kuachia kwa kuambiwa kunaonyesha ameelewa. Mwenye Guillain-Barré, ugonjwa wa mishipa ya fahamu, anaweza kupooza mikono na miguu huku akili yake ikiwa timamu kabisa. Aliyepata kiharusi cha shina la ubongo huenda akabaki na kope na macho ya kupanda na kushuka tu. Huyo tunakubaliana naye: ukitazama juu ni ndiyo, ukitazama chini ni hapana. Makubaliano huandikwa na kubandikwa kitandani, ili wa zamu ya usiku asianzishe utaratibu wake.

Kwenye maswali ndipo wengi tunapoharibu, na wauguzi tumo. "Huumwi, eti?" Mgonjwa akiitikia kwa kichwa, amesema nini? Huenda anakubali kwamba haumwi, huenda anataka kusema anaumwa sana. Uliza "Unaumwa?" kisha unyamaze. Jibu la mgonjwa dhaifu huchelewa, na ukiongeza swali la pili kabla hajajibu la kwanza, hutajua ameitikia lipi. Akikubali, shuka naye: kichwa? kifua? mgongo? Ukifika mahali, rudia: "Ni mgongo?"

Wapo wanaoitikia kila kitu. Kuchanganyikiwa ni jambo la kawaida ICU. Huja na kuondoka, asubuhi yuko sawa, jioni hayuko. Ndiyo maana utamsikia muuguzi akimuuliza mtu mzima kama jiwe huelea majini. Hafanyi utani, anapima kama majibu ya siku hiyo ni ya kutegemewa. Tafadhali msicheke wala msimgombeze mgonjwa akikosea.

Kwa mwenye nguvu kidogo kuna ubao wa picha: maji, maumivu, baridi, kugeuzwa, kunyonywa makohozi. Anayejua kusoma hupewa ubao wa herufi; herufi za q na x tumezitoa, zinakula nafasi tu. Muuguzi hupitisha kidole mstari kwa mstari, mgonjwa akafumba macho kwenye mstari wake, kisha herufi kwa herufi. Zikitoka d, i, r, unauliza, "Dirisha?" Kama siyo, unaendelea bila kukisia hovyo. Anayeweza kuandika apewe kalamu nene ya wino mwepesi, kwa kuwa kalamu ya kawaida inataka kukandamizwa na vidole vilivyovimba haviwezi.

Nanyi ndugu mna kazi. Leteni miwani yake na kifaa chake cha kusikia. Tuambieni nyumbani anaitwaje. Kama ni bibi anayeongea Kisukuma zaidi ya Kiswahili, tuandikieni maji, maumivu na choo kwa Kisukuma. Mwamkieni kama kawaida. Mimi huwapa wazee shikamoo ingawa marahaba haitatoka, na mara nyingi macho huitikia.

Akihitaji mashine kwa muda mrefu, bomba huweza kuhamishiwa shingoni, chini ya nyuzi za sauti. Baadaye wengine hushushiwa puto na kuwekewa vali inayoingiza hewa shingoni lakini ikaitoa kwa juu, na sauti ikarudi bomba likiwa bado lipo. Vali hiyo isiguswe na ndugu kamwe: ikiwekwa puto likiwa limejaa, mgonjwa hawezi kutoa pumzi.

Bomba la mdomoni likitolewa, sauti huwa ya kukwaruza kwa siku kadhaa. Ikipita wiki mbili bado inakwaruza, au akipaliwa kila anapokunywa maji, mrudisheni aonwe na daktari wa masikio, pua na koo.