Weupe wa picha ya gundi huanzia kwenye jelatini

Juzi kijana mmoja alipanda Hiace kutoka Moshi, akaja kwangu Arusha na bahasha. Ndani mlikuwa na picha ya bibi yake aliyoichapa kwa gundi. Uso umetoka vizuri, ila kitambaa cheupe cha kichwani kimekuwa kijivujivu kama kilichofuliwa kwa maji ya tope. "Mwalimu, negatifu yangu ina kasoro gani?" Nikaitazama dirishani. Negatifu ilikuwa nzima. Nikadondosha tone la maji kwenye kona ya karatasi yake: likanywewa kabla sijahesabu tano.

Njia hii, ambayo Alphonse Poitevin aliipatia hataza mwaka 1855, inategemea gundi ya mgunga iliyochanganywa na rangi ya maji na dikromati, kemikali inayoifanya gundi ihisi mwanga. Jua likiipiga kupitia negatifu, gundi inakomaa na kubaki. Isiyopigwa inayeyuka majini na kuondoka na rangi yake. Lakini rangi iliyokwisha kuzama kwenye nyuzi za karatasi haitoki, hata ukiloweka mpaka kesho. Ndiyo maana mimi navisha karatasi jelatini kwanza, ule ute wa ngozi na mifupa ya wanyama unaoganda ukipoa. Tone la maji juu yake husimama kama umande kwenye jani la mgomba.

Naanza kwa kuiloweka karatasi kwenye maji ya moto na kuianika, ili isinywee baadaye na kuhamisha mistari kati ya tabaka moja la gundi na jingine. Kisha jelatini, gramu 30 kwa lita: iloweke kwenye maji baridi ivimbe, ipashe moto taratibu, usiichemshe kamwe, maana itapoteza nguvu ya kuganda. Ikikauka naikomaza kwa fomalini, nje, penye upepo, kwa sababu mvuke wake ni mkali mno. Usizidishe jelatini. Ikiwa nene gundi hukosa pa kushika, hubanduka vipande vipande hata kwenye vivuli.

Tabaka moja la gundi halibebi toni zote, yaani viwango vyote vya mwanga na giza, na hapo wengi hukata tamaa mapema. Mimi hupaka matatu. La vivuli lina rangi nyingi na jua kidogo. La sehemu za mwanga lina rangi hafifu na jua refu. La katikati huyaunganisha hayo mawili. Tabaka la pili likianza kuchafua weupe, rudia jelatini.

Doa la rangi ya chai ni jambo jingine: hiyo ni dikromati iliyobaki, na metabisulfaiti ya potasiamu huisafisha. Dikromati ni sumu na husababisha saratani. Vaa glavu, na maji yake yasiingie kamwe kwenye mfereji unaomwagilia migomba ya watu.

Kijana ameondoka na karatasi nne nilizozivisha wiki iliyopita. Kwenye negatifu, kitambaa cha bibi kina ukingo wa kufumwa kwa mkono, tundu kwa tundu. Nimemwomba aanze na hapo.