Kugeuka kwa hisia: dawa ya sonona inapoamsha mania

Mtu mwenye bipola hupitia vipindi vya sonona, anapokosa nguvu na hamu ya chochote, na vipindi vya mania, anapojaa nguvu, maneno na mipango kupita kiasi. Kugeuka kwa hisia ni kutoka katika kipindi kimoja na kuingia moja kwa moja katika kingine. Madaktari wakizungumzia hatari ya kugeuka, mara nyingi wanakusudia hali hii: mgonjwa aliye katika sonona ameanzishiwa dawa ya sonona, na ndani ya wiki chache, kwa kawaida zisizozidi 8, anaingia kwenye mania au hipomania, ambayo ni mania nyepesi.

Ugumu ni kwamba mwanzo wake hufanana sana na kupona. Mtu aliyekuwa hanyanyuki kitandani sasa anaamka alfajiri, anacheka, anapanga mambo, na familia inamshukuru Mungu. Mimi ningewaomba ndugu waangalie usingizi kwanza. Anayepona hulala vizuri; anayegeuka hulala saa 3 au 4 tu na wala hasikii uchovu. Baadaye hufuata maneno yasiyokatika, hasira za ghafla na fedha kutumika ovyo. Wengine hupata mseto: majonzi ya sonona yakiambatana na wahka na nguvu za mania. Hapo ndipo pa kuogopa zaidi, kwa kuwa mwenye mawazo ya kujiua sasa anazo na nguvu za kuyatekeleza. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Hatari haiko sawa kwa wote. Ni kubwa zaidi katika bipola aina ya kwanza, yenye mania kamili, kuliko aina ya pili. Dawa za zamani kama imipramini, na pia venlafaksini, hugeuza zaidi kuliko sertralini. Kubwa kuliko yote ni kama dawa imetolewa peke yake. Utafiti wa Uswidi wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba hatari ya mania ilipanda kwa waliotumia dawa ya sonona pekee, lakini haikupanda hivyo kwa waliokuwa pia na dawa ya kusawazisha hisia, kama vile lithiamu. Kweli, bipola hugeuka hata bila dawa, na ndiyo sababu wataalamu bado wanabishana ni kwa kiasi gani dawa ilaumiwe. Hata hivyo, kumpa mgonjwa wa aina ya kwanza dawa ya sonona bila kinga hiyo ni kumweka hatarini bila sababu, hasa kwa kuwa kuna dawa nyingine zinazotibu sonona ya bipola, kwetiapini ikiwa mojawapo.

Wengi hufika kliniki mara ya kwanza wakiwa na sonona tu, na bipola haijajulikana. Kwa hiyo, kabla ya kupokea dawa, mwambie daktari kama umewahi kuwa na siku kadhaa za kulala kidogo huku nguvu zikifurika, au kama kuna ndugu wa damu mwenye bipola. Na dalili za kugeuka zikijitokeza, mpigie daktari mara moja. Yeye ndiye wa kuamua kama dawa isimamishwe au ipunguzwe polepole, maana kuikatisha ghafla nako huleta matatizo yake.